Paka Aliyeshonwa Kwenye Kiroba

Bibi alisema atakaa kwetu Kitete, Tabora mjini, mpaka Jumamosi. Jumamosi ikifika na paka wake hayupo, anarudi kijijini Sikonge, na asitokee mtu wa kumshika mkono. Mama alidhani ni maneno ya uzee. Mimi sikudhani hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nagawana naye chumba, na nilishaona anakunja kanga zake moja moja na kuziweka karibu na mlango.

Shida ni kwamba akiondoka, macho yanakwenda. Jicho moja lilishafunikwa lote na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa njiani. Hospitali walitaka presha ishuke kwanza, ndipo wamfanyie upasuaji, halafu awe karibu wamwangalie. Kijijini hana mtu wa kumleta. Mjomba yuko machimbo na simu yake anaipokea akitaka yeye. Kwa hiyo Bibi akibaki mjini ataona, akiondoka hataona, na kubaki kwenyewe kumeshikiliwa na paka.

Usidhani anampenda paka kwa mapenzi ya kwenye simu, yale ya kumpiga picha na kumvisha kofia. Bibi anamtumia. Anakaa naye mapajani, mkono mgongoni kwake, na mtu akikaribia mlango paka ananyanyua kichwa. Bibi anajua kuna mtu hata kabla hodi haijapigwa. Kwetu Kitete kuna wapangaji wawili, watoto wao, muuza mkaa, na mimi ninayetembea na ndala zilizolainika. Wote tulikuwa tunamtokea Bibi ghafla. Akaanza kutushuku. Mara mpangaji amehamisha kopo lake la ugoro. Mara kuna mtu amesimama dirishani anasikiliza. Mara mimi nimepunguza sukari kwenye chai yake nikidhani haoni. (Hilo la sukari lilikuwa kweli, ila ni agizo la daktari.)

Basi nikatumwa mimi kumleta paka. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mtu anayesubiri matokeo hana kazi, kwa hiyo kazi zote ni zake.

Mimi kitu nikitumwa nataka kukifanya vizuri na haraka, nirudi. Nilisoma kwenye simu jinsi ya kusafiri na paka. Asilishwe asubuhi ya safari, maana atatapika. Awekwe kwenye kitu kigumu chenye matundu, siyo mfuko. Apewe nguo yenye harufu ya mwenyewe. Asiwekwe kwenye buti ya gari. Asifunguliwe nje, hata akilia vipi. Niliazima tenga la kuku kwa mpangaji, nikalisugua kwa sabuni mpaka harufu ya kuku ikaisha, nikamwomba Bibi kanga aliyolalia bila kuifua. Akanipa, akaniuliza mara mbili kama nina hakika naipeleka kwa paka na siyo kwa mtu mwingine.

"Nani atataka kanga yako chafu, Bibi?"

"Watu ni wengi, mke mwenzangu," alisema.

Kijijini nilimkuta jirani yake, yule aliyeachiwa nyumba na kuku na paka. Ni mzee anayelima tumbaku na kutundika mizinga porini. Alinisalimia kwa Kinyamwezi, mimi nikaamkia kwa Kiswahili, akaitikia marahaba, mtoto wa lami. Halafu akanionyesha paka. Yaani akanionyesha kiroba. Kiroba cha unga, mdomo umeshonwa kwa uzi wa magunia, kimelala kivulini pembeni ya ghala, kinajinyanyua kidogo upande mmoja.

Mzee alieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Paka hahamishwi akiwa anaona. Anatiwa kwenye gunia, linashonwa, anazungushwa nyumba ili apoteze mwelekeo, na halifunguliwi mpaka ndani ya nyumba mpya na mlango umefungwa. Akiiona njia hata kipande tu, atairudia. Yeye mwenyewe alikuwa ameshamaliza kazi yote tangu alfajiri, akaniambia kilichobaki ni mimi kubeba.

"Nimwone kwanza, babu," nilisema.

"Umwone ili iweje?"

"Nijue ni yeye."

Aliukagua uzi wa kiroba kwa kidole. Halafu akasema taratibu, "Bibi yako aliniachia ufunguo wa nyumba. Na kuku wake, hajawahi kuniambia nimhesabie."

Hapo mtu mwenye adabu angenyamaza, nami nilinyamaza, lakini macho hayakunyamaza. Mlangoni kwake palikuwa na kibakuli cha dagaa. Dagaa wabichi, siyo mabaki ya jana. Sasa kama paka anayehama ameshonwa tangu alfajiri, hao dagaa ni wa nani? Na nilijua kitu kingine: panya walikuwa wamemmalizia mzee yule karanga na mahindi ghalani, na Bibi alishatuambia kwamba aliwahi kuombwa yule paka, akakataa. Paka wa Bibi anajulikana kijiji kizima kwa panya. Kumshona paka mwingine ndani ya kiroba na kumkabidhi binti wa mjini ambaye haruhusiwi kufungua, hiyo ni kazi ngumu?

Nikauliza dagaa ni wa nani. Mzee akasema paka duniani ni wengi, na akaingia ndani kuniletea asali. Chupa ya maji iliyojaa asali, zawadi ya kumpelekea Bibi. Nikaipokea kwa mikono miwili nikiwaza kwamba mtu mwenye dhamiri safi hatoi asali nyingi hivyo.

Alikubali kiroba kiingie kwenye tenga, akisema tenga halina macho. Nilipofika kwenye bodaboda, mbele ya kona ambako mzee hanioni, nilikitoboa kiroba juu kwa kalamu, matundu kadhaa ya kuingiza hewa. Hakikulia. Tenga nililipakata mapajani, sikuliweka kwenye keria, kwa sababu moshi wa pikipiki unapanda kule nyuma. Dereva wa boda alienda polepole kama nilivyomwomba, ila alinilalamikia njia nzima kwamba ningesema mapema kuwa nabeba mgonjwa.

Sikonge mjini nilipata gari ndogo ya abiria inayokwenda Tabora. Dereva wake alikuwa mtu mzima wa mjini, kofia ya kufuma kichwani, gari safi. Akafungua buti. Nikamwambia huyu haendi kwenye buti, kuna joto na harufu ya mafuta. Akauliza huyu nani. Nikasema paka. Akainua kanga niliyofunikia tenga, akaona kiroba kimeshonwa, akaishusha kanga kwa ncha za vidole.

"Dada, paka kwetu hana neno," alisema. "Paka ana heshima yake, hata msikitini anaingia. Lakini paka aliyeshonwa ndiyo ana neno. Rangi gani?"

"Kijivu."

"Umemwona?"

Ningesema ndiyo ingekwisha. Lakini nilichelewa, nikasema ni wa bibi yangu, namfahamu. Dereva akaniangalia juu mpaka chini. Mwishowe alikubali nikae nyuma na paka wangu, tenga sakafuni katikati ya miguu yangu, kwa sharti kwamba kiroba kikifanya chochote cha ajabu tunashuka wote wawili.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa anawahi treni ya kwenda Dodoma. Mbele hapakuwa na mtu, dereva alikuwa amejaza magunia ya karanga. Yule mama hakuchukua muda akaniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi. Akapiga kofi moja la furaha.

"Mtani wangu. Mimi Mgogo. Kwa hiyo siku hizi mmeacha kubeba pembe za ndovu, mnabeba mapaka?"

Nilitabasamu kidogo tu. Utani nimeusikia kwa wazee, misibani, watu wanazuia jeneza mpaka wapewe kitu, lakini mimi sijawahi kufanyiwa hivyo uso kwa uso. Yeye akaendelea. Kwamba babu zetu walipokuwa wanapita Ugogo na misafara yao kuelekea pwani, walikuwa hawapati hata tone la maji mpaka walipe ushuru wa kupita. Kwamba deni hilo halijaisha. Kwamba leo amekutana na msafara wa mtu mmoja na ushuru wake ni huo mzigo hapo chini.

Na akainama akalinyanyua tenga, akaliweka mapajani kwake, akalikumbatia.

Nilimwambia alirudishe. Akasema mtani hakasiriki. Nikamwambia sitanii, paka wa mgonjwa huyo, na nikalivuta. Akalivuta. Dereva kule mbele akasema mkimwaga hicho kitu kwenye gari yangu tutaonana wabaya. Mimi moyoni nilishaanza kuona mambo: huyu mama anawahi treni, gari likifika stesheni atashuka na tenga, watu watacheka wakisema ni watani, na mimi nitabaki na kanga. Nani ataniamini? Sikujua utani unaishia wapi na wizi unaanzia wapi, na yeye hakuonekana mtu wa kunionyesha.

Ghafla akaacha kucheka. Aliweka sikio kwenye tenga.

"Huyu hasemi," alisema. "Tangu tumetoka hajasema."

Nilikuwa nimegundua hilo kabla yake ila nilikuwa sitaki kuliwaza.

"Na umemwona kweli wewe? Au ndiyo kama babu zako, mzigo unafungwa na mwenyewe, kazi yako bega?"

Alikuwa amesema nilichokuwa nakibeba tangu kwa mzee. Jua lilikuwa kali, kile kiroba ni cha plastiki, na matundu yangu ya kalamu yalikuwa madogo. Kama ndani kuna paka wa Bibi na amekufa kwa joto, basi nimeyaua macho ya Bibi kwa kuogopa kumuudhi jirani. Kama ndani kuna paka mwingine, ni bora nijue sasa kuliko kujulia mlangoni. Nikamwomba dereva asimame.

Alisimama penye kivuli cha miti. Nilimwambia hatutoki, tunafungulia ndani, vioo vimepanda, milango imefungwa. Dereva akasema yeye anatoka. Akatoka, akasimama mbali kabisa kando ya barabara, ameipa gari mgongo, mikono nyuma.

Yule mama alichomoa pini kwenye kilemba chake, akaanza kunyofoa uzi. Mimi nilishika mdomo wa kiroba huku nimeweka kanga ya Bibi tayari. Kikafunguka. Kwanza ilitoka harufu, maana alikuwa ametapika. Dagaa. Nikajua kwamba alilishwa asubuhi, kitu ambacho hakitakiwi, na nikajua pia kwamba dagaa wa mlangoni huenda walikuwa mabaki ya huyuhuyu. Au hawakuwa. Halafu kikatoka kichwa, mdomo wazi, ulimi nje, anahema kama mbwa, kidevu kimelowa mate. Hai.

Kijivu. Mistari. Sikio moja lina pengo.

Paka wa Bibi ana pengo sikioni, hilo nalijua. Lakini la kulia au la kushoto? Nimekaa likizo ngapi na paka yule, sikumbuki. Nilitoa simu kutafuta picha. Picha zote nilizopiga kijijini zilikuwa zangu mwenyewe, na kwenye mojawapo, nyuma yangu, kulikuwa na mkia.

Nilimtandikia kanga ya Bibi kwenye kiti. Aliikanyaga akapita, akajisukuma chini ya kiti cha mbele, akajikunja huko.

"Amekataa nguo ya bibi yako," alisema mama, na safari hii hakuwa anatania.

Nilijibu kwamba paka mwenye hofu hanusi kitu, nimesoma. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilichovya vidole kwenye maji nikampaka mdomoni, akalamba, nikampaka tena. Tulimfuta mapovu. Tulipomwona anafunga mdomo na kuhema kwa pua, nilimfunika kanga yote kichwani, nikamzoa kama mtoto, nikamrudisha kwenye tenga bila kiroba, nikafunika juu pawe giza. Akatulia. Kiroba tulikifunga kwenye mfuko.

Dereva alirudi. Akauliza kama tumemwona. Nikasema tumemwona. Akauliza rangi.

"Kijivu," alisema mama. "Endesha, mimi nina treni."

Kuanzia hapo tenga lilikaa mapajani kwangu, naye mama hakuligusa. Alinisimulia kwamba kwao paka hapelekwi popote, ukihama unamwacha. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja huku nimeshika mfuniko kwa mikono yote miwili. Stesheni alishuka, akateremsha mabegi yake, akaniombea Bibi apone. Gari lilipoondoka ndipo nikaona ile chupa ya asali haipo. Nikageuka. Alikuwa amesimama pale pale, ameinyanyua juu ili niione vizuri.

"Ushuru, mtani," alisema.

Nyumbani niliamua kumwambia Bibi kila kitu mlangoni kabla hajamgusa. Kwamba kiroba kilishonwa kabla sijafika, kwamba nilinyimwa kuona, kwamba nilifungulia njiani, kwamba kanga yake ilikataliwa, na kwamba mimi sina hakika. Mama alinikonyeza ninyamaze. Nilijua anawaza nini: Bibi haoni vizuri, kijivu ni kijivu. Lakini Bibi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na angenishuku maisha yangu yote.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwa yule Mgogo na asali, alicheka. Alikuwa hajacheka tangu aletwe. Alisema ile ni halali yake, na kosa ni langu, ningemnyang'anya kilemba. Halafu akaagiza watu wote watoke, abaki na mimi, mlango na dirisha vifungwe.

Nilifungua tenga. Paka alitoka, akaenda chini ya kitanda. Bibi hakumwita. Alikaa sakafuni akaanza kumenya karanga kwenye ungo, polepole, maganda huku, karanga huku. Mimi nilikuwa nimesimama nimechoka, nataka jibu. Nilishamwekea paka maji na boksi la mchanga kwenye kona. Ilipita saa nzima au zaidi. Alitoka, akanusa mguu wa kitanda, akanusa boksi, akampita Bibi kwa mbali kama anampita mgeni. Aliporudi ndipo Bibi akanyoosha mkono. Alimshika mgongoni, akashuka mpaka mkiani, akapanda mpaka masikioni, vidole vyake vikakaa kwenye lile pengo. Paka alisimama tu. Hakukoroma, hakukimbia.

"Ni yeye?" niliuliza.

"Ametoka safari," alisema Bibi. "Mtu aliyetoka safari haulizwi maswali."

"Bibi, ni yeye au siyo yeye?"

"Toka nje, halafu uje mlangoni kimyakimya. Usivae ndala."

Nilitoka, nikaja pekupeku, nikasimama. Sikupiga hodi, sikupumua. Ndani Bibi akasema, "Haya, nimeshajua upo. Ingia."

Jioni ile nilimpigia mzee wa kijijini. Nilimuuliza moja kwa moja, maana simu haina macho ya kukutazama. Nikamwambia mimi nashuku kwamba paka tuliyepewa siye. Nikasikia nyuma yake kuku, na kitu kingine ambacho ningeapa ni paka.

"Bibi yako amesemaje?"

"Hajasema siye."

"Basi wewe unasema kama nani?"

Akakata. Sijui kama aliishiwa salio au aliishiwa maneno. Nilimsimulia Bibi, nikamwambia pia kuhusu dagaa wa mlangoni, vyote. Alikuwa ameshika paka mapajani. Alisema jirani yake ni mtu mwema na pia ni mwizi wa vitu vidogo vidogo tangu ujana, na vyote viwili anavijua, na haviulizi. Nadhani alishajua tangu vidole vyake vilipofika sikioni. Nadhani hatasema, na mimi nisipoambiwa nitaendelea kukagua picha za ndugu zangu waliowahi kufika kule nikitafuta sikio. Mpaka leo nimepata mkia mwingine tu.

Jumamosi ilifika. Bibi aliamka mapema, akaoga, akavaa, na mimi nikazitazama zile kanga karibu na mlango. Kisha akamwambia Mama wawahi hospitali kabla foleni haijawa ndefu, akapimwe hiyo presha yao. Akanigeukia. Alisema paka bado mgeni, asitoke nje mpaka aizoee harufu ya nyumba, na mimi nina tabia ya kuacha milango wazi. Nikamwambia nitakuwa makini. Nikamwambia hiyo yote nimeisoma.

"Najua," alisema.

Akatoka, na nikasikia ufunguo unazungushwa kwa nje. Nilijaribu kitasa, kimefungwa. Nikaita, na viatu vya Bibi vikaendelea kwenda taratibu kuelekea getini, Mama akimwambia ashike mkono. Nilikaa kitandani. Paka alikuwa juu ya sanduku ameninyanyulia kichwa, ananitazama mimi, siyo mlango.